Ng'ombe watano baada ya dhahabu: Greysia Polii na wale wanaowatupa vijana mapema

Kuna neno ambalo wakubwa wanalirudia sana, katika mitaa ya Goma na Bukavu kama vile mahali wanapoishi wahami wa vita: "Huyu kijana amekwisha." Linasemwa juu ya msichana aliyefeli mtihani wa serikali. Linasemwa juu ya mvulana aliyekamatwa mara moja na simu ya mtu. Linasemwa juu ya mchezaji aliyekosa penalti mbele ya wakaaji wote. Linasemwa haraka, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye hakuwahi kumnunulia kijana huyo hata daftari moja.

Neno hilo ni la uongo, na wanaolitumia wanajificha nyuma yake. Ukisema kijana amekwisha, huna tena deni kwake. Huhitaji kumtafutia mwalimu, huhitaji kumpa nafasi ya pili, huhitaji kujiuliza ni nani aliyemfikisha pale.

Anayetaka ushahidi amtazame mwanamke mmoja wa Indonesia, Greysia Polii. Mchezo wake haujulikani sana hapa: badmintoni, mpira wa vinyoya. Wachezaji wanatumia raketi kupiga kipira chepesi chenye manyoya juu ya wavu, na kikigusa chini, pointi imekwenda. Yeye alicheza upande wa wawili kwa wawili, wanawake. Katika mchezo huo mtu hashindi peke yake. Mmoja akiwa mbele karibu na wavu, mwingine analinda nyuma. Mmoja akichelewa hatua moja, wote wawili wamepoteza. Ndiyo maana maisha ya mchezaji wa wawili ni pia maisha ya wale aliocheza nao, na ya wale waliomshika mkono alipoanguka.

Na Polii alianguka mbele ya dunia nzima.

Aibu ya London

Alizaliwa Jakarta mwaka 1987, akakulia Manado, kaskazini ya kisiwa cha Sulawesi. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Mama alimrudisha Jakarta akiwa bado mtoto ili ajifunze mchezo vizuri. Alipofika kwenye Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 alikuwa na karibu miaka 25, na mwenzake alikuwa Meiliana Jauhari.

Mwaka ule wakubwa wa mchezo walikuwa wamebadilisha utaratibu. Badala ya anayeshindwa kutoka moja kwa moja, waliweka makundi: ekipe 16 za wanawake wawili wawili, makundi manne, na mbili za kwanza katika kila kundi zinaendelea. Kwa karatasi ilionekana vizuri. Lakini kila mtu aliyekaa chini na kalamu aliweza kuona tundu: ekipe iliyokwisha kupita ingeweza kuchagua kupoteza mechi ya mwisho, ili ikutane na mpinzani mwepesi zaidi hatua inayofuata.

Tarehe 31 Julai 2012 tundu hilo lilifunguka. Wachina Wang Xiaoli na Yu Yang, waliokuwa wa kwanza duniani, walicheza na Wakorea Kusini huku pande zote mbili zikitafuta kupoteza. Walipiga vinyoya kwenye wavu na nje ya mstari kwa makusudi. Watu waliolipa tiketi walizomea. Kisha ikaja mechi nyingine, ya Polii na Meiliana dhidi ya Wakorea wengine. Mshindi wa mechi hiyo alikuwa anaenda kukutana na wale Wachina. Mchezo ukaharibika vilevile. Mwamuzi mkuu aliingia kuwaonya, zomeazomea ikaendelea, na Waindonesia wakapoteza kwa seti mbili kwa moja.

Kesho yake wanawake wanane walifukuzwa kwenye mashindano: Wakorea wanne, Wachina wawili, Waindonesia wawili. Nafasi zao zikajazwa na ekipe zilizokuwa zimekwisha kutolewa. Mojawapo ilikuwa ya Afrika Kusini, Michelle Edwards na Annari Viljoen, waliopoteza mechi zao zote za kundi na ghafula wakajikuta robo fainali.

Lazima isemwe wazi: wale wanane walikosea. Mchezaji hana haki ya kudanganya watu walioacha kazi zao na kulipa pesa ili wamtazame. Kuwatoa ilikuwa sawa. Lakini hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu, na hapo ndipo kitabu kinapaswa kubaki wazi. Nani alipanga utaratibu wenye tundu? Nani alikaa kando ya uwanja akitazama hesabu ya nani atakutana na nani? Ni kweli Korea Kusini baadaye iliadhibu pia makocha wake. Lakini siku ile, mbele ya kamera za dunia, sura zilizoonekana ni za wachezaji tu. Waliochora utaratibu hawakuonekana.

Na ushahidi kwamba utaratibu ulikuwa mbovu ulitolewa na wakubwa wenyewe. Baada ya London waliubadilisha: ekipe zinazomaliza nafasi ya pili zinapigiwa kura upya, ili hakuna anayeweza kuchagua mpinzani wake kwa kupoteza. Mtu hazibi tundu ambalo halikuwepo.

Hapa Kivu hali hiyo haihitaji maelezo marefu. Kijana anayebeba mzigo wa magendo anakamatwa kwenye bariyeri, mwenye mzigo analala kwake. Mwalimu asiyelipwa anaomba wazazi franka kidogo na anaitwa mwizi, aliyekula mshahara wake anaitwa mheshimiwa. Anayeadhibiwa ni yule aliye karibu na mkono.

Miaka tisa ya kazi

Sasa swali kubwa: Indonesia ilifanya nini na mchezaji aliyeipaka matope?

Haikumtupa. Shirikisho la badmintoni la nchi hiyo, lililoanzishwa mwaka 1951, lina kambi ya kudumu ya mazoezi huko Cipayung, mashariki ya Jakarta. Wachezaji wanalala pale, wanakula pale, wanafanya mazoezi kila siku, na wana makocha wanaolipwa. Polii aliendelea kucheza. Alipewa mwenzake mpya, Nitya Krishinda Maheswari. Mwaka 2014, kwenye Michezo ya Asia kule Incheon, wawili hao walichukua dhahabu kwa kuwashinda katika fainali Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi. Wajapani hao hao ndio waliokuja kuwa mabingwa wa Olimpiki miaka miwili baadaye. Mwaka 2015 Polii na Nitya walipata shaba kwenye mashindano ya dunia.

Msikilizaji anaweza kufikiri kwamba hapo hadithi inaisha: alianguka, akasimama, akashinda. Hapana. Rio 2016 walifika robo fainali wakapoteza. Mmoja wa waliowatoa alikuwa Yu Yang, Mchina yule yule aliyefukuzwa London pamoja nao. Kisha Nitya akaumia na kuhitaji upasuaji. Polii akabaki bila mwenzake, akikaribia miaka 30, akifikiria kuacha.

Hapo akaingia mtu ambaye watu wengi hawamtaji: kocha Eng Hian. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa wawili, aliyepata shaba kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Alimwomba Polii asiondoke bado, bali amshike msichana mmoja mdogo amfundishe njia. Msichana huyo alikuwa Apriyani Rahayu, mwenye miaka 19, mtoto wa Konawe, Sulawesi ya Kusini Mashariki. Wazazi wake hawakuwa na kitu. Raketi yake ya kwanza ilitengenezwa na baba yake kwa mbao. Mama yake alifariki mwaka 2015.

Watoto waliokulia chini ya turubai wanaielewa raketi ya mbao bila kufafanuliwa. Ni ndugu ya mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba za migomba.

Mkubwa alikubali kubaki kwa ajili ya mdogo. Hilo halikuwa jambo dogo. Mchezaji wa miaka 30 anaanza upya na mtu ambaye hajui mashindano makubwa, anabeba makosa yake, anapoteza mechi ambazo pamoja na mwenzake wa zamani angeshinda. Lakini kabla mwaka 2017 haujaisha, walishinda mashindano makubwa ya Ufaransa. Wakapata shaba za dunia mwaka 2018 na 2019. Desemba 2020 kaka yake Polii, aliyekuwa kama baba kwake, alifariki. Mwezi uliofuata alikuwa uwanjani Thailand na Apriyani, na wakashinda.

Siku ile ile, jibu lingine

Olimpiki ya Tokyo, iliyocheleweshwa na Covid hadi 2021, ilichezwa bila watazamaji. Polii na Apriyani hawakuwemo kati ya ekipe nne zilizopewa nafasi ya upendeleo kwenye ratiba. Walishinda mechi mbili za kwanza za kundi. Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Wajapani Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, wa kwanza duniani, ambao nao walikuwa wameshinda mbili.

Angalia vizuri hali hiyo. Ekipe mbili zimekwisha kupita. Mechi ya mwisho ya kundi. Ni hali ile ile ya London, karibu siku ile ile ya Julai, miaka tisa baadaye. Safari hii Polii alicheza kwa nguvu zote, seti tatu, na akashinda.

Robo fainali waliwatoa Wachina, nusu fainali Wakorea. Tarehe 2 Agosti 2021, katika fainali, walisimama mbele ya Chen Qingchen na Jia Yifan wa China. Katikati ya mapigo raketi ya Polii iliharibika. Apriyani akalinda uwanja, mkubwa akakimbia pembeni kuchukua raketi nyingine, akarudi kabla kipira hakijagusa chini. Huo ndio mchezo wa wawili. Walishinda 21 kwa 19, 21 kwa 15. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Indonesia katika wanawake wawili wawili tangu badmintoni iingie Olimpiki mwaka 1992. Polii alikuwa na siku tisa tu kabla ya kutimiza miaka 34.

Aliaga mchezo Juni 2022, Jakarta, mbele ya watu wake. Na mwanamke aliyefukuzwa na wakubwa wa mchezo huo aliongoza kamati ya wachezaji katika shirikisho hilo hilo la dunia, akiwasemea wachezaji wenzake. Mtu "aliyekwisha" mwaka 2012 alikaa kwenye meza ya wakubwa.

Nani alilipa mchele?

Baada ya dhahabu, zawadi zilimwagika. Serikali ya Indonesia ilitoa rupia bilioni 5.5 kwa kila mmoja. Huko Konawe kiongozi wa wilaya akamwahidi Apriyani nyumba na ng'ombe watano. Watu wa Masisi wanajua ng'ombe watano maana yake nini kwa familia.

Lakini ng'ombe hao walikuja baada ya dhahabu. Mtu yeyote anaweza kumpa bingwa ng'ombe. Swali ni hili: nani alilipa mchele kabla ya dhahabu? Nani aliweka kitanda, mwalimu, daktari wa goti, na nauli, katika ile miaka tisa ambayo hakukuwa na picha nzuri ya kupiga? Jibu ni kambi inayofunguliwa kila asubuhi, kocha anayelipwa, na uamuzi wa kutomtupa mtu.

Kongo inapenda sana ng'ombe wa baada ya dhahabu na inachukia mchele wa kabla. Ekipe ikishinda, magari yenye bendera yanajaa barabarani, kila mkubwa anataka kusimama katikati ya picha. Ekipe ikipoteza, wachezaji wanatafuta nauli ya kurudi nyumbani.

Na kuna yaliyo mabaya kuliko nauli. Dunia yote inamjua Popole Misenga, mtoto wa Bukavu, aliyekimbia vita akiwa na miaka tisa, akatenganishwa na familia yake, akajifunza judo Kinshasa. Inamjua pia Yolande Mabika, naye wa Bukavu. Mwaka 2013 walipelekwa Rio kwa mashindano ya dunia wakiwa na bendera ya Kongo. Walieleza wenyewe kwamba huko waliachwa bila pasipoti, bila pesa na bila chakula, na kwamba nyumbani mchezaji aliyepoteza alikuwa akifungiwa. Wakabaki Brazili, wakaomba hifadhi. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, walikuwa kati ya wanamichezo kumi wa ekipe ya kwanza ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza, na bendera iliyokuwa juu yake haikuwa ya nchi iliyomzaa.

Weka hadithi hizo mbili kando kwa kando. Nchi moja ilikuwa na mchezaji aliyeiaibisha kwa makusudi, ikamrudisha mazoezini. Nchi nyingine ilikuwa na watoto wa vita waliofanya kila walichoweza, ikawapoteza. Moja ilipata dhahabu. Nyingine ilipata habari kwenye redio kwamba mtoto wake amevaa jezi ya wengine. Hiyo si bahati mbaya. Ni mavuno ya kilichopandwa.

Wanaosema "huu si wakati wa michezo"

Kuna watakaojibu: hapa kuna vita, watu hawana bugali, na mtu anazungumza vinyoya? Familia zilizokimbia Rutshuru na Masisi, zikakaa Bulengo na Kanyaruchinya, kisha mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa na wao wakaambiwa waondoke tena, zina kazi gani na mchezo?

Jibu la kwanza: njaa ni kweli, na hakuna raketi inayoliwa. Anayechagua kati ya unga na mpira achague unga. Lakini wanaosema "si wakati wa michezo" mara nyingi ni wale wale ambao hawakuleta unga. Na bila mazoezi, bila shule, kijana hakai bure. Kuna wenye silaha ambao wana wakati naye kila siku. Hao hawasemi kwamba kijana amekwisha. Wanamwambia njoo.

Jibu la pili linawahusu wale wa upande mwingine, wanaokuja na mipira kumi, jezi za rangi moja na mpiga picha. Mashindano ya siku moja, hotuba juu ya amani, kisha gari linaondoka na vumbi lake. Wiki mbili baadaye mipira imepasuka, na jezi zinavaliwa kwenda kuchota maji. Hao nao waache kujisifu. Apriyani hakufanywa bingwa na siku moja ya michezo. Alifanywa na mtu aliyekuja kesho yake, na kesho kutwa, kwa miaka.

Hakuna anayesema kila mtoto mhami atapanda jukwaa la Olimpiki. Wanaowaahidi watoto hivyo wanawadanganya. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: mwalimu mmoja anayelipwa hata kidogo na anayerudi kila wiki mahali pale pale, kwa mwaka mzima, badala ya sherehe tatu. Mkubwa anayejua mchezo au kazi, fundi, mshonaji, mpiga ngoma, achukue mdogo mmoja amshike kama Polii alivyomshika Apriyani. Kijana akikosea aadhibiwe, aambiwe kosa lake, kisha arudishwe kikosini. Na mkubwa aliyechora utaratibu mbovu aitwe kwa jina kabla ya mtoto aliyeutumia.

Wanawake wanane walifukuzwa London siku moja. Kama Indonesia ingeamini neno "amekwisha", Polii angekuwa tu jina kwenye orodha ya aibu, na Apriyani angekuwa na raketi ya mbao kule Konawe bila mtu wa kusimama naye. Wanaolitamka neno hilo hapa wajiulize kwanza ni lini walilipa mchele.